Tulivyoubana mwezi wa sita hapa Mwanza mpaka binti akaenda form five kwenye baridi ya Njombe

Wakubwa shikamooni, rika langu na wadogo zangu habari za kutwa.

Huwa napita humu kimya kimya. Nasoma nyuzi zenu, nacheka, naondoka. Leo nimekuja na wangu.

Sitapamba kitu. Nilipokosea nitasema nimekosea. Na nilipopatia nitasema pia, maana sioni kwa nini mtu aone aibu kusema alipatia.

Mimi ni fundi cherehani hapa Igogo. Cherehani ninayo moja, nimekaa kwenye kibaraza cha duka la watu, namlipa mwenye duka kila mwisho wa mwezi. Kwetu ni Majita, mume wangu ni Msukuma wa Usagara. Nyumbani tupo wanne: sisi wawili, binti yetu mkubwa Vero aliyemaliza form four, na mdogo wake Pendo wa darasa la tatu.

Mume wangu ni kibarua kwenye kiwanda cha minofu ya samaki. Kazi yake kisu. Sangara anawekwa mezani mzima, yeye anamvua minofu miwili kabla hujamaliza kusalimia. Ni mtu anayeipenda kazi yake na anajua kwamba anaiweza. Hilo lishikeni, litawasaidia kumwelewa huko mbele.

Tumepanga vyumba viwili juu kwenye mawe. Waliowahi kufika Igogo wanajua, ukitoka barabarani unapanda mpaka magoti yanakuuliza unaenda wapi. Ndoo ya maji ikifika kwetu imeshabadilika bei.

Basi.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita majina ya form five yakatoka. Vero akaazima simu yangu, akakaa nayo nje karibu nusu saa. Aliporudi ndani anacheka huku machozi yanamtoka. Kachaguliwa. Shule ya wasichana, mkoa wa Njombe.

Nikapiga vigelegele. Jirani akatoka kwake akapiga na yeye, halafu ndiyo akauliza kuna nini.

Katika ukoo wote, wangu na wa mume wangu, hakuna aliyewahi kufika Njombe. Mume wangu alichokuwa anajua ni kimoja tu: "Huko asubuhi watu wakiongea wanatoa moshi mdomoni."

Kwa wasioijua Mwanza niwaambie. Baridi yetu ya mwezi wa sita ni upepo wa ziwani alfajiri, mchana vumbi. Ikifika saa nne umeshavua sweta. Na wengi wetu hata hiyo sweta ya kuvua hatuna.

Joining instruction, ile fomu ya maelekezo ya shule, tukaenda kuiprinti mjini. Kurasa nane. Mablanketi mawili mazito. Koti la baridi. Sweta mbili za rangi ya shule. Soksi nzito, godoro, tranka, ndoo, jembe, rimu za karatasi, na michango ambayo kila ukifungua ukurasa unaikuta mingine. Ukiweka na nauli, ilikuwa laki nne na kitu.

Kwenye kibubu tulikuwa na laki moja na arobaini.

Sikuogopa, nasema kweli. Nilipiga hesabu ya ujira wa mume wangu na sare za shule nitakazoshona kabla shule hazijafunguliwa, nikaona inawezekana.

Jumatatu iliyofuata, saa nne asubuhi, nikamwona mume wangu anapita pale kibarazani kwangu. Muda huo huwa yuko kazini.

"Mbona mapema?"

"Samaki hakuna. Vibarua tumeambiwa tukae nyumbani mpaka tutakapopigiwa simu."

"Lini?"

"Hawajasema."

Akapanda zake mlimani. Nilimwangalia mgongo, nikajua huyu mtu ameumia kuliko anavyosema.

Jioni tumekaa, Vero anachambua mchele kwenye ungo, mume wangu akasema kwa sauti ya chini, "Naona huyu mtoto apumzike mwaka huu. Mwakani tutamtafutia chuo hapa hapa, cha karibu."

Mikono ya Vero ikasimama juu ya ungo. Kisha ikaendelea. Angelia ingekuwa nafuu kwangu.

Nikasema, "Ataenda."

"Kwa hela ipi, Mama Vero?"

"Sijui bado. Lakini ataenda."

Akataja mkopo. Ile mikopo ya haraka tunayoiita kausha damu, unachukua leo, kesho wanaanza kukufuata mlangoni. Nikakataa palepale. Nimeshaona kwa macho yangu mwanamke mwenzangu anatolewa kitanda na godoro, watoto wamesimama wanaangalia.

Nikamwambia, "Nipe huu mwezi mmoja. Kila shilingi inayoingia humu ndani ipite mkononi kwangu, na usiniulize kitu."

Akainua mikono. "Haya, waziri wa fedha."

Alitania, ila nilikichukua kile cheo.

Wakuu, sasa nawaeleza nilivyofanya, mwenye kuchukua achukue.

Cha kwanza nilishusha mboga. Nikaanza kununua mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kutolewa, kichwa na mfupa na nyama kidogo iliyobaki. Ukiyachemsha na nyanya na ndimu, supu yake haina mpinzani. Shida ilikuwa kwa mume wangu. Kwake yeye, mtu anayekata minofu kula mapanki ni kama mchinjaji kula kwato. Alikuwa anakula huku anaangalia pembeni.

Maharage naloweka tangu asubuhi ili mkaa uchomeke kidogo. Chai ya maziwa ikafutwa. Kifurushi cha king'amuzi hatukulipa, Pendo akalalamika siku mbili, siku ya tatu akagundua kuna watoto wa kucheza nao nje. Tulikuwa kwenye likizo, kwa hiyo watoto wanashinda nyumbani, na mtoto anayeshinda nyumbani anakula mara tano. Nikaanza kupika uji wa sufuria kubwa saa nne, ukinywa huo unasahau hadi saa nane.

Kila kitu naandika kwenye daftari. Chumvi ya mia tatu naandika.

Makosa nayo yalikuwepo. Nilinunua mkaa wa bei rahisi, gunia zima, nikajiona mjanja. Kumbe nusu yake ni chenga, unawaka kama karatasi na kuzimika. Hasara tupu.

Kosa kubwa lilikuwa kujinyima mwenyewe. Niliamua chakula cha mchana mimi sili, hela yake niweke. Siku ya sita nipo kwenye cherehani nashona sketi ya mteja, kizunguzungu kikanipitia, sindano ikaingia kwenye kidole na kutokea upande wa pili. Vero alikuwa ananisaidia kuweka vifungo. Alizungusha gurudumu taratibu sindano ikatoka, akakifunga kidole kwa kitambaa, akasema, "Mama, kama unafanya hivi kwa ajili yangu, mimi siendi."

Kuanzia hapo nikala. Anayeleta hela ndani ale. Hilo msije mkalichezea.

Sasa tuje kwenye koti.

Koti jipya la baridi dukani lilikuwa na bei ya kukufanya urudi nyumbani ukalale. Nikaenda Mlango Mmoja kwenye mitumba. Huko nikakuta makoti mazito ya kiume, ya sufu, yamelundikwa chini kabisa ya lundo, hakuna mtu anayeyagusa. Nani anavaa koti la sufu Mwanza?

Muuzaji akaniuliza, "Mama, unaenda Ulaya?"

"Naenda Njombe."

Akacheka. Akaniuzia koti kwa elfu mbili, na akashukuru.

Nikalifumua lote. Nikalikata upya kwa kipimo cha Vero, ndani nikatia blanketi la mtumba kama bitana, shingo nikaipandisha. Vero alilivaa mle chumbani dakika tatu, jasho likaanza kumtiririka, tukacheka mpaka Pendo akaja kuangalia.

Akapigwa picha. Picha akaitupia kwenye group la WhatsApp la wasichana waliochaguliwa shule ile.

Jioni ile ile simu yangu ikaanza kuita. Mzazi wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiseke, binti yake anaenda shule hiyo hiyo. Akafuata mama mmoja wa Geita. Kisha wa Shinyanga. Wote wana mabinti wa huku kwenye joto wanaopelekwa kwenye baridi, na wote wameshaona bei za dukani.

Nikaweka bei elfu kumi na tano. Nikarudi Mlango Mmoja, yule muuzaji safari hii hakucheka, akataka elfu tatu. Nikamlipa, ni haki yake.

Nilishona makoti kumi na manne kwa wiki mbili. Vero anafumua, mimi nakata na kushona, Pendo anaokota nyuzi. Kidole kina bendeji, kazi inaenda. Wakuu, sijawahi kujisikia vizuri kwenye maisha yangu kama siku zile. Nilikuwa naamka najua leo nafanya nini na kwa ajili ya nani.

Hela naitia kwenye kopo la maziwa, kopo naliweka ndani ya sanduku la nguo. Zikiwa zimebaki siku kama kumi kuondoka, kopo lilikuwa na laki tatu na kumi.

Mume wangu yeye alikuwa anashinda nyumbani. Anateka maji, anafagia, anakaa. Simu yake ameiweka mbele yake kwenye meza anaisubiri iite. Sikumsemesha sana kuhusu hela. Nilimwambia asiniulize, na yeye akatii, haulizi. Nikaona ndiyo amani hiyo.

Halafu mama mkwe akaja.

Alitokea Usagara, alikuwa na siku yake ya kliniki ya macho mjini. Alifika mchana, kiroba cha michembe kichwani. Kwa wasiojua, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikaanikwa juani, Wasukuma ndiyo chai yao na ndiyo akiba yao. Nilipiga magoti nikamwamkia, akaitika, akaulizia mjukuu wake anayeenda mbali. Nikamkaribisha, nikamwachia Vero, mimi nikashuka kupeleka makoti mawili stendi yapande gari la Geita.

Kwenye akili yangu nilishapanga. Jioni tutapika ile michembe na karanga, na supu ya mapanki.

Nimerudi saa tisa, nakaribia mlango nasikia harufu ya samaki wa kukaanga.

Nimeingia. Mezani kuna sato wawili, wakubwa, wale wa kulala kwenye sinia mkia unaning'inia. Wali mweupe. Soda. Mume wangu amekaa amenyooka kama siku za mshahara.

Vero alinitazama mara moja, akainamisha kichwa. Nikajua hela zimetoka wapi.

Niliosha mikono nikakaa, nikala. Mbele ya mama mkwe nisingeweza kusema. Lakini kila tonge nilikuwa nalipigia hesabu.

Tulipomaliza nikamwita mume wangu nje, nyuma ya nyumba, pale kwenye jabali tunapoanikia nguo.

"Umetoa shilingi ngapi?"

"Elfu ishirini na saba."

"Kwenye kopo la Vero?"

"Nitarudisha."

"Kwa kazi ipi, Baba Vero?"

Hapo nilikosea. Nilijua nimekosea neno likiwa bado mdomoni. Uso wake ulibadilika.

Akasema, "Mama yangu ana mtoto mmoja tu wa kiume aliyekuja mjini. Unataka anikute nakula mapanki? Nimekaa humu ndani wiki tatu kama mgeni. Sijui kilichomo, sijui kinachopungua, naletewa sahani nakula. Leo tu, leo tu nilitaka mama yangu anione ni mwanaume mwenye nyumba."



Tukasikia mlango wa nyuma. Mama mkwe amesimama pale, ameshika fremu kwa mkono mmoja. Macho yake ni mabovu, wakuu, masikio ni mazima.

"Masanja," akamwita mwanaye jina lake. "Wale samaki ni nauli ya mjukuu wangu?"

Mume wangu akatazama chini.

"Nakuuliza. Umenilisha nauli ya mjukuu wangu?"

"Mama, nilitaka..."

"Nimekuja na michembe kwa kichwa changu. Nimekuomba samaki mimi?"

Hakupaza sauti. Aligeuka akaingia ndani, akafungua pindo la khanga yake, akatoa elfu ishirini iliyokunjwa ikawa ndogo kama kidonge. Aliuza kuku. Alikuja nayo kwa ajili ya Vero, ya sabuni, na alikuwa anangoja siku ya kuondoka ampe kwa mkono wake. Akamwita Vero akampa palepale, akamfumba kiganja.

Kisha akakaa kitandani kwa wasichana, akawa anafuta machozi na ukingo wa khanga. Na mume wangu amebaki kule nje kwenye jabali, ameupa mlango mgongo, hakuingia ndani hadi jua linazama.

Nilikuwa na hasira, sikatai. Ila kuna kitu alikisema kilikuwa kinanirudia. Wiki tatu kama mgeni.

Nilichukua daftari. Nikatoka nalo, nikakaa pembeni yake.

"Nisamehe lile neno la kazi," nikamwambia. "Na hili nalo unisamehe. Nilikwambia usiulize. Nilitakiwa nikuonyeshe."

Nikalifungua. Nikamsomea ukurasa baada ya ukurasa. Mapanki, unga, mkaa wa chenga, koti la kwanza, koti la pili, mpaka la kumi na nne. Alikuwa hajui kama nimeshafika laki tatu. Mume wangu, baba wa mtoto, alikuwa hajui. Alidhani bado tuko kwenye ile laki na arobaini na kwamba mimi nahangaika tu nisionekane nimeshindwa.

Alilichukua daftari akaligeuza mwenyewe hadi mwanzo. Akaniuliza, "Imebaki ngapi?"

"Bado laki na kitu hivi. Zimebaki siku tisa."

Akatikisa kichwa, akanirudishia daftari.

Kesho yake asubuhi nimeamka hayupo. Nikaogopa kidogo, sitaki kudanganya.

Alirudi saa saba mchana. Shati limekauka chumvi, bega la kulia limechubuka. Alikuwa ameshuka mwaloni, kule yanakopokelewa magunia ya dagaa kutoka visiwani, akaomba kubeba. Aliweka elfu nane mezani, juu ya daftari.

"Andika," akasema.

Nikaandika.

Nilisikia baadaye kwa watu, siyo kwake, kwamba kulikuwa na vijana wa kiwandani pale waliomcheka. Fundi wa kisu kabeba gunia. Yeye mwenyewe hajawahi kuniambia mpaka leo. Alienda siku ile na siku sita zilizofuata. Nikawa namkanda bega kwa maji ya moto jioni, na kila jioni anauliza kabla ya kula, "Tumefika ngapi?" Tumefika. Siyo umefika. Nililisikia hilo neno kila mara.

Mama mkwe alibaki nasi siku nne. Alipika michembe yeye mwenyewe, akaponda na karanga, akanifundisha namna ya kukausha majani ya kunde yakae miezi. Siku ya kuondoka mume wangu alimsindikiza hadi stendi. Sijui walizungumza nini. Alirudi amechangamka, hilo ndilo najua.

Nauli ndiyo ilibaki kuniumiza kichwa. Vero hawezi kwenda peke yake safari ya siku mbili, na mtu wa kumsindikiza ni nauli kwenda na kurudi. Nikampigia yule mwalimu mstaafu wa Kiseke. Nikamuuliza kama anaweza kuwapeleka mabinti wote wawili, sisi tutachangia nusu ya nauli yake. Akasema, "Mama, nilikuwa nakaa hapa nawaza nitamwomba nani hivyo hivyo." Ukiwa na shida uliza. Mwenzako pengine naye amekaa anaiwaza ileile.

Siku mbili kabla ya safari nikafunga daftari. Kila kitu kwenye orodha kimetiwa tiki. Kopo lilibaki na elfu sita na mia tano. Hakuna mtu anatudai.

Tuliondoka nyumbani mapema, stendi ya Nyegezi. Tranka alibeba mume wangu begani, lile bega lililopona nusu, akashuka nalo yale mawe yote hakutaka kusaidiwa. Vero alilazimika kuvaa koti lake mwilini kwa sababu tranka limejaa. Yule binti wa Kiseke naye kavaa lake. Wawili wamesimama stendi ya Mwanza na makoti ya sufu, abiria wanawashangaa, wao wanacheka wamefunika midomo.

Gari lilipoanza kutembea, mume wangu alitembea nalo pembeni ya dirisha la Vero hadi geti, mkono ameuweka kwenye bati la gari. Nami sikumwita.

Siku ya nne jioni ikaingia simu ya namba ngeni. Matron wa shule amemwazima Vero dakika mbili.

"Mama shikamoo."

"Marahaba mwanangu, umefika salama? Umekula? Huko vipi?"

"Mama, huku asubuhi nyasi zina kitu cheupe juu yake kama chumvi. Ukikanyaga inalia. Maji ya kunawa yanauma meno." Na anacheka. "Baba yupo?"

Nikampa simu. Akaisogeza sikioni kwa mikono miwili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Unasikia baridi?"

Sikusikia Vero alijibu nini. Nilimwona tu mume wangu anafumba macho, anasema, "Sawa. Sawa mama. Soma," na kunirudishia simu. Akatoka nje akaanza kuteka maji wakati mapipa yote yalikuwa yamejaa.

Kiwandani walimpigia wiki iliyofuata. Amerudi kwenye kisu chake.

Sasa kabla hamjaniuliza mlichonacho mdomoni: hapana, simwambii mtu ale mapanki miaka yote. Ule ulikuwa mwezi mmoja wenye sababu yake, na sababu yenyewe ilikuwa imekaa mbele yetu inafumua makoti. Mwezi wa kubana ukiwa hauna sababu ambayo kila mtu ndani anaiona, utavunja nyumba.

Na hapo ndipo somo langu lilipo. Kubana matumizi nilikuweza, tena vizuri, sijidharau. Nilichokosea ni kubana na taarifa pia. Nilidhani namwondolea mwenzangu mawazo, kumbe namwondoa kwenye nyumba yake. Hasara ya elfu ishirini na saba ya sato niliitengeneza mwenyewe kwa kufunika daftari. Kama una mwenza na mnapita kipindi kigumu, hesabu ikae mezani, kila mtu aione, hata asiyeleta kitu kwa wakati huo. Yeye hasa ndiye aione.

Nimemaliza yangu. Wenye uzoefu wa namna hii leteni yenu, na mnaoona nilimkosea mume wangu au yeye alinikosea zaidi, semeni wazi, nina ngozi ngumu.

Ila kwanza naomba wenyeji wa Njombe na Makete waliomo humu wanijibu jambo moja: hiyo baridi mwezi wa nane inapungua, au nianze kutafuta blanketi la tatu?